Mamba Baharini

Wenzangu wa Manundu, leo sina pa kuuweka uso. Naandika haya nikiwa nimejifungia chumbani, nywele bado zina chumvi, na mume wangu yuko uani anaanika suruali.

Afadhali mlisikie jambo hili kutoka kwangu. Mkilisikia kwa wengine wataongeza. (Ingawa kusema kweli sioni cha kuongeza.)

Mnajua hii ni wiki yetu ya tatu hapa Mafia. Mimi na Salehe wangu, mwalimu wa hesabu, yule ambaye mlituchezea ngoma ya harusi miezi minane iliyopita. Alirudi nyumbani siku moja na uso mzito, akaniambia amehamishiwa kisiwani, imeshaamuliwa. Nikalia. Nikafunga mizigo. Tukavuka. Kwenye boti nililala kifudifudi safari nzima. Bahari sikuiona, niliisikia tu.

Sasa huku kuna jambo. Wake wa walimu hawakai. Bi Hawa, mama mwenye nyumba wetu, aliniambia siku ya pili tu, anakuna nazi, wala hakuwa na ubaya.

"Wa kwanza alikaa muhula mmoja. Wa pili hata muhula hakuumaliza. Watu wa bara, bahari huwachosha. Na wewe kwenu wapi, mwanangu?"

Nikamjibu, "Tanga."

Sikudanganya! Korogwe iko mkoa gani? Handeni iko mkoa gani? Lakini uso wa mama wa watu ukang'aa kama amepata ndugu aliyepotea.

"Aa, Tanga! Basi bahari unaijua."

Hapo mtu mwenye akili angesema, hapana mama, Tanga yetu sisi ni ya mkonge, na bibi yangu anakaa Vugiri milimani, anavaa sweta mchana. Mimi nikasema, "Naijua sana."

(Maji makubwa niliyoyajua maishani ni ule mto wetu pale Korogwe, na tulikatazwa kuusogelea kwa sababu ya mamba. Salehe ndiyo kabisa. Kang'ata kule Handeni alikokulia, mtu anaoga nusu ndoo, na inayobaki anamwekea anayefuata.)

Basi wiki tatu nikaishi kama mtu wa pwani. Wakisema bamvua (kumbe ndiyo yale maji makubwa ya mwezi mpevu), naitikia kwa kichwa. Wakisema leo maji yatajaa mapema, nasema, "Nimeona." Nilikuwa nimeona nini? Lakini nilipendwa, jamani. Bi Hawa akaanza kuniita Zaina, siyo "mke wa mwalimu". Wanawake wakawa wanaingia kwangu na hodi moja tu. Nilipokuwa peke yangu nilijiambia, wewe utakaa hapa. Hawatakuhesabu pamoja na wale wawili.

Leo Jumamosi asubuhi tunakunywa chai, Bi Hawa huyo mlangoni na beseni kichwani.

"Zaina! Twende tukatande. Leo dagaa wamekuja karibu. Nimewaambia wenzangu tuna mtu wa Tanga, wamefurahi."

Kutanda ni hivi, kwa msiojua. (Na mimi sikujua, nimejua leo, kwa gharama ya heshima yangu.) Wanawake wanashika kitambaa kikubwa kama shuka, kila mmoja pembe yake, wanaingia nacho majini, wengine wanawafukuza dagaa mpaka waingie, kisha wanainua.

Salehe akashusha kikombe. Bi Hawa alipogeuka, akaninong'oneza.

"Unajua?"

"Nitaangalia wenzangu."

"Zai, mwambie unaumwa."

"Nikimwambia naumwa leo, wiki ijayo nitaumwa nini?"

Akachukua madaftari ya wanafunzi, akasema atakuja kusahihishia ufukweni. Alisema ni kwa ajili ya upepo. Mimi namjua, alikuwa na hofu.

Sasa mavazi. Nilisikia chini ya maji kuna vitu vya miiba. Nikaona nisichezewe. Nikavaa mabuti ya mvua ya Salehe, yale ya shambani, yanayofika magotini. Bi Hawa akayatazama. Akanitazama usoni. Akayatazama tena.

"Ndivyo mnavyovaa huko Tanga?"

"Ndiyo, mama. Kwa ajili ya miiba."

"Haya."

Tulikuwa wanawake kumi na mmoja pamoja nami. Wote wamefunga kanga vizuri, miguuni raba kuukuu. Mimi natembea kwenye mchanga, buti linasema kwapu, kwapu. Hakuna aliyecheka. (Ningeshtuka hapo. Mbona hakuna aliyecheka?)

Tukaingia. Maji ya kifundo cha mguu. Nikasema moyoni, kumbe ni haya tu? Maji ya goti. Hapo mabuti yakaanza kunywa. Kwanza la kulia, halafu la kushoto. Nikawa nainua mguu kama nimefungiwa jiwe la kusagia. Maji ya mapaja. Nikapewa pembe ya kitambaa.

"Mtu wa Tanga shika hapo, usiachie hata iweje," akasema mama mmoja mnene. Huyo nilikuja kujua baadaye kuwa ni mke wa mwalimu mkuu. Bosi wa mume wangu!

Nikashika. Nikaona wale dagaa sasa, jamani, wengi, wanametameta kama vijiko, wanakuja kwetu. Kwa dakika moja nilisahau kila kitu. Nilifurahi kweli. Nikasema, Zaina wewe, kumbe unaweza!

Ndipo kitu kikanigusa mguu. Juu ya buti, nyuma ya goti. Kirefu, kinateleza, kinajizungusha.

Wenzangu, mimi nimelelewa Korogwe. Kitu kikikugusa majini huwa hakina majina mawili. Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote.

"Mambaaa!"

Baharini. Mamba. Nikaachia kitambaa, nikaruka, mabuti yakakataa kuruka, nikaanguka chali na kuzama. Maji puani, maji mdomoni. (Na ile chumvi! Nilikuwa nadhani watu wanatia chumvi kusema bahari ina chumvi.) Kanga ikanifunika uso. Nikajua nimekufa.

Ninachosikia ni sauti ya Salehe kutoka ufukweni. "Zai! Zai, nakuja!" Mwanaume wa watu ametupa madaftari, amekuja mbio na viatu vya kazini na suruali ya kitambaa, mtu ambaye hajawahi kuingia kwenye maji yanayozidi ya beseni. Akafika. Akajikwaa kwenye kile kitambaa. Akaniangukia. Tukaviringishwa humo humo wawili, kama ndio dagaa wenyewe tuliokuja kuvuliwa.

Sasa hapa ndipo palipoharibika. Mimi nikamkumbatia, yeye akanikumbatia, kila mmoja anadhani mwenzake ndiye anayemzamisha. Nikatoa kichwa, nikaona lazima nitubu kabla sijafa.

"Bi Hawa nisamehe! Mimi siyo mtu wa pwani! Sijui bahari! Kwetu Manundu, Korogwe! Nimekudanganya!"

Na Salehe, macho ameyafumba, naye akaanza kutubu. Kwa sauti ya darasani, ile ya kufika dawati la nyuma.

"Zai, nisamehe mke wangu! Sikuhamishwa! Niliomba mwenyewe!"

Nilikuwa nakufa, lakini nikaahirisha kidogo.

"Uliomba?"

"Niliomba! Niliandika barua!"

"Uliomba kisiwani? Kwa nini?"

"Mama yako, Zai! Kila jioni yuko sebuleni! Anafungua sufuria zetu! Nikatafuta mahali ambapo hakuna basi la kumleta!"

Hata mawimbi nadhani yalitaka kusikia. Kisha nikasikia sauti ya Bi Hawa, karibu sana, ya taratibu, kama anamwamsha mtoto.

"Zaina. Simama."

"Siwezi, mama!"

"Simama, mwanangu."

Nikasimama.

Maji yalinifika mapajani.

Wanawake kumi wametuzunguka, wamesimama, mikono kiunoni, wakavu kuanzia kiunoni kwenda juu. Mguuni kwangu umening'inia ujani mrefu wa baharini. Ndiye mamba. Na chini bado yuko mume wangu, amepiga magoti, amefumba macho, maji yako kifuani, anasoma kila dua anayoijua.

"Mwalimu," akasema mke wa mwalimu mkuu, "na wewe simama."

Akafumbua macho. Akanitazama nilivyosimama. Akayatazama maji. Akasimama polepole, akakung'uta suruali. (Ndani ya bahari. Alikung'uta suruali.) Kisha akasema, "Hamjambo akina mama. Shikamooni."

Hapo wakapasuka. Wenzangu, nimeshawahi kuchekwa, lakini siyo na watu wanaoshikana mabega wasianguke majini. Mmoja akarudia, "mahali ambapo hakuna basi," wakaanza upya. Dagaa walishakwenda zao zamani. Kitoweo cha nyumba kumi na moja nimekifukuza mimi, kwa sauti moja.

Nikalia. Kweli, nililia pale pale. Siyo kwa kuanguka. Nikamwambia Bi Hawa, "Mama, nimewadanganya wiki tatu."

Akanifuta uso na ncha ya kanga yake. "Tulijua siku ile ile uliyosema Tanga. Jioni maji yalipotoka, ulikuja kuniuliza bahari imekwenda wapi, na kama wametangaza itarudi lini. Mtu wa Tanga gani huyo?"

"Mbona hamkusema?"

"Ulikuwa unajitahidi sana. Tukaona tukuache."

Hilo ndilo linaloniua, siyo kingine. Kila nilipoitikia kwa kichwa, kila "nimeona" yangu, walikuwa wanajua, na wananipokea hivyo hivyo, hawatazamani hata kwa jicho. Nilidhani nawachezea, kumbe wananitunza. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona, na mnanijua nimepitia nyingi.

Wakatuambia tutoke, watatanda wenyewe, maji hayajajaa. Buti moja limebaki huko chini. Nimepita kijijini mguu mmoja na buti, mmoja peku, Salehe nyuma yangu na madaftari yenye mchanga. Habari zilitutangulia, sijui kwa njia gani. Mzee mmoja kwenye kibaraza, tukamwamkia shikamoo, akaitikia vizuri kabisa, "Marhaba wanangu. Poleni na mamba." Dukani nako: "Shemeji, alikuwa mkubwa?"

Nyumbani tukakaa kitako, kila mmoja upande wake wa mkeka. Nikamwambia, "Uliniona nalia siku nafunga mizigo. Ukanyamaza."

"Nilikuona."

"Na ungeniambia lini?"

"Nilikuwa nasubiri uipende kwanza."

Bado nimemkasirikia, mjue hilo. Lakini mtu asiyejua kuogelea ameingia baharini na viatu vya kazini kupigana na mamba kwa ajili yangu. Sasa hivi sijui hasira nizianzie wapi. Nimemwambia aanike suruali nifikirie.

Mchana huu Bi Hawa amebisha hodi na bakuli la dagaa, fungu letu, eti na sisi tuliingia majini. Akasema Jumatatu maji yakitoka nimfuate, nivae raba, na mwalimu abaki shuleni. Nimemwambia nitakwenda. Akaniangalia kuona kama ni kweli, akaondoka zake anacheka peke yake.

Basi ndiyo hivyo. Chekeni, nimeshazoea tangu asubuhi. Ila mama akipita hapo sokoni akawauliza habari zetu, mwambieni hatujambo, tunamkumbuka sana wote wawili, na huku mabasi hayafiki.