Punje Moja Katika Chupa ya Carter

Kwa Mhariri wa gazeti letu la kila Alhamisi,

Ndugu Mhariri,

Nadai, na nitathibitisha hapa chini, kwamba Gerald Ford ndiye rais bora kuliko wote walioiongoza Marekani tangu Vita vya Pili vya Dunia. Nadai pia kwamba punje ya mahindi iliyokutwa ndani ya chupa ya Jimmy Carter Jumatatu iliyopita, katika mkahawa wa Bi. LaVonne Huisinga, ni punje batili, nayo iondolewe kabla Iowa nzima haijatucheka.

Utaratibu unaujua, lakini nauandika kwa faida ya waliohamia hapa karibuni. Kila Sikukuu ya Marais, Jumatatu moja ya Februari, Bi. LaVonne hupanga chupa za kioo karibu na vigingi vya makoti, kila moja ikiwa na jina la rais aliyekwisha kuondoka Ikulu. Aliye madarakani hana chupa, kwa kuwa ubishi juu yake huvunja sahani, na sahani ni ghali. Kila mteja hupewa punje moja, na moja tu, aitumbukize katika chupa ya rais ampendaye. Mshindi hutundikwa picha yake juu ya kabati la pai mwaka mzima. Chupa isiyopata hata punje moja huoshwa, ikatiwa achari ya bitiruti, na rais huyo harudi tena. Ndivyo tulivyompoteza Lyndon Johnson, ingawa nakiri achari yake ilikuwa nzuri.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwa miaka ishirini na tatu mfululizo chupa ya Carter imepata punje moja, na mwenye punje hiyo alijulikana: bibi yangu mzaa baba, Ardith Tjaden. Bibi alifariki mwezi wa Oktoba. Mwaka huu chupa ilipaswa kuwa tupu. Ikakutwa na punje moja. Ama marehemu amepiga kura, jambo lisiloruhusiwa katika jimbo letu, ama yupo aliyempigia kwa niaba yake. Hili la pili ni baya zaidi, kwa sababu marehemu angalau alikuwa na sababu zake.

2. Sababu zenyewe hazikuwa na uzito wowote wa kitaaluma. Nilipomuuliza Bibi, mimi nikiwa mwaka wa pili chuoni na nimesoma vitabu kumi na kimoja juu ya suala hili, alinijibu hivi huku akimenya viazi: "Mwanamume anayevaa sweta badala ya kuongeza moto ndani ya nyumba, huyo amelelewa vizuri. Hebu nipe hiyo sufuria." Nilimweleza habari ya mfumuko wa bei. Akanipa viazi nimenye mimi.

3. Wananchi wamemshuku mtu asiyehusika. Bi. LaVonne alipomimina chupa ile juu ya kaunta na punje ikadondoka, wote waligeuka kumtazama babu yangu, Mzee Merle Tjaden, mgane wa miezi minne.

"Merle! Umelainika!" alipiga kelele mtu wa meza ya wakulima.

"Mwacheni, jamani," Bi. LaVonne akasema. "Mtu akimkumbuka mkewe kuna ubaya gani?"

"Mimi?" Babu akasema. "Mimi nimpe Carter mahindi? Carter aliyekataza yasiuzwe kwa Warusi, ghala langu likafura kama tumbo la ng'ombe? Nimelala na mpiga kura wake miaka hamsini na mmoja, hiyo inatosha!"

Watu walicheka. Yeye hakucheka sana. Tangu siku hiyo wanamwita "Bwana Sweta," naye hunywa kahawa yake haraka na kuondoka. Mtu aliyemwamini Reagan tangu mwaka wa themanini, siku marufuku ile ilipotangazwa, hastahili jina hilo.

4. Uchaguzi wetu umekuwa wa hisia tupu. Yupo anayempenda Kennedy kwa nywele zake, na yupo anayempenda Eisenhower kwa sababu mwaka ule mvua ilinyesha vizuri. Mwalimu wangu wa zamani wa hesabu, mtu ninayemheshimu, alimpa Clinton punje kwa kuwa Clinton hupuliza saksafoni kama yeye. Je, taifa linaweza kuendeshwa hivi? Mtazame Ford. Hakuchaguliwa na wananchi kuwa makamu wa rais, wala hakuchaguliwa kuwa rais. Aliingia Ikulu bila kutuahidi kitu, kwa hiyo hakuna aliyempenda kwa makosa. Alimsamehe Nixon akijua watu watamzomea. Tulipopewa nafasi ya kumchagua hatimaye, tulimchagua Carter. Ushahidi gani mwingine unahitajika kwamba wananchi wasiachiwe punje?

5. Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu: punje ile itolewe, chupa ya Carter ioshwe kama sheria inavyosema, na kuanzia mwakani kila mteja afanye mtihani wa kuandika wa dakika arobaini kabla ya kukabidhiwa punje. Niko tayari kutunga maswali na kusahihisha bila malipo. Atakayeshindwa apewe pai, lakini asipewe punje. Na iwapo wote watashindwa, jambo ninalolitarajia, basi mshindi atangazwe na kamati ya mtu mmoja, aliyesomea mambo haya.

Hoja haina bibi, Ndugu Mhariri. Chupa tupu ni chupa tupu.

Nisalimie wachapaji wako, Bi. LaVonne, meza yote ya wakulima, na mwalimu wa saksafoni. Nabaki, kwa heshima isiyopunguzwa na tofauti zetu,

Garrett Tjaden,
Shahada ya Kwanza ya Sayansi ya Siasa, daraja la juu

N.B. Nilikuwa nimekwisha kuilamba bahasha nilipolazimika kuifungua tena. Nitaeleza kwa kifupi.

Punje ile niliiweka mimi. Nilifika saa mbili asubuhi, punje yangu mkononi, nikielekea kwa Ford kama kila mwaka. Chupa ya Carter ilikuwa tupu na safi, na karibu yake, kwenye kigingi cha mwisho, koti la kijivu la Bibi halikuwapo. Sina hoja ya kutetea nilichofanya. Niliandika barua hii ili hoja inishinde nguvu, nikubali chupa iondoke. Haikunishinda.

Lakini kama punje yangu ilikwenda kwa Carter, nani aliweka punje moja iliyokutwa kwa Ford, ambaye miaka yote hupata yangu tu? Siku tatu niliamini nimempata mfuasi wa kwanza. Leo nimeyatazama tena matokeo yaliyobandikwa mlangoni. Reagan mwaka jana alipata kumi na nne. Mwaka huu kumi na tatu, na hakuna mpiga kura wa Reagan aliyekufa wala kuhama.

Babu aliingia saa nane mchana. Aliiona chupa ya Ford tupu. Aliiona na ya Carter, ina punje. Usiku ule alinipakulia viazi na kuniuliza tu nilikula pai gani.

Basi nafuta lalamiko la kwanza, la pili na la tano. La tatu nalisisitiza: Bwana Sweta ni mimi, waniite mimi. Na namtaka Mzee Merle Tjaden ajibu hadharani, katika gazeti hili, kwa jina lake kamili, ni kwa hoja gani alimpa Ford punje yake, ilhali tangu nirudi kutoka chuoni hajawahi kukubaliana nami hata kuhusu mvua.