Jota Mia Moja Arobaini na Tatu za Bi Visitación

Jumanne, tarehe 12 Machi 2019. Asubuhi hiyo upepo wa cierzo ulivuma kwa bidii isiyoombwa na mtu, ukang'oa bendera ya manispaa na kuibandika kwenye dirisha la bucha. Ilikuwa hali nzuri kwa kazi za ndani.

Kwa unyenyekevu mkubwa, nikiwa Katibu wa Kamati ya Kuhakiki Maisha ya Michezo Yaliyokwisha, natangaza kwamba mji wetu wa Peñalba del Cierzo ni wa kwanza katika mkoa mzima wa Aragón kuthibitisha rasmi kuwa Bi Visitación Berdún hajawahi kucheza mpira wa miguu.

Kazi haikuwa nyepesi. Bi Visitación, mwenye miaka sitini na saba, alikuwa mshambuliaji kwa miaka kumi na minne, na mji mzima ulimwona. Lakini macho ya watu hayana mhuri.

Ombi lake lilikuwa dogo: uwanja wa manispaa kila Jumanne jioni, kwa ajili ya wasichana kumi na tisa anaowafundisha. Wasipopata uwanja kufikia Ijumaa, wanafutwa kwenye ligi. Tatizo ni kwamba Jumanne jioni hucheza hapo Meya Fermín Obón na madiwani wake, timu ya vitambi saba na goti zima moja. Kanuni yasema uwanja apewe mwenye rekodi ya mpira iliyoandikwa. Meya anayo: alikuwa mchezaji wa akiba seminarini msimu mmoja. Hakuingia hata dakika moja, ila barua yake ina mihuri mitatu.

Nikamwomba Bikira wa Pilar aniongoze, nikafungua makabati. Zamani zile wanawake hawakupewa kibali cha mpira, basi paroko wetu, Mungu amrehemu, alikuwa akiomba kibali cha maonyesho ya jota, ngoma yetu ya jadi. Nilikuta vibali mia moja arobaini na tatu. Nyuma ya kimoja palikuwa na taarifa kwamba mcheza ngoma namba tisa aliangushwa karibu na lango, akapewa jota ya adhabu, akafunga.

"Jamani, hiyo si penalti?" Bi Visitación akauliza mbele ya kamati.

"Mama, imeandikwa jota."

"Na hili kovu la goti?"

"Ngoma za zamani zilikuwa na nguvu, mama."

"Katibu," akadakia Iciar, kipa wa wasichana, "na kipa wao alikuwa anadaka nini? Maua?"

Nilimwandika kwa utovu wa nidhamu. Swali lenyewe nililiandika pia, maana lilikuwa zuri.

Meya akatia sahihi uamuzi, usiokatiwa rufaa.

"Pole, Visi," akasema. "Wewe ni mcheza ngoma. Kacheze ukumbini."

Bi Visitación hakununa. Alivaa miwani, akasoma karatasi polepole, kidole kikifuata mistari. Kisha akanigeukia.

"Mwanangu, ile sheria ndogo aliyoipitisha Fermín kabla ya uchaguzi, ya kutufurahisha wazee, inasemaje?"

Nikaisoma, maana kusoma ndiyo kazi yangu: katika viwanja vyote vya manispaa, ngoma ya jadi hutangulia shughuli nyingine yoyote, siku yoyote, saa yoyote.

Wasichana wakarukaruka mpaka makabati yakatema vumbi la mwaka 1974.

"Lakini ule ni mpira!" Meya akapiga kelele. "Nilikuwepo! Alifunga mabao matatu peke yake!"

"Mheshimiwa," nikasema, "umetia sahihi kwamba si mpira, ni ngoma."

"Sasa sisi tutacheza wapi?"

"Njooni tu," Bi Visitación akasema. "Ngoma haimfukuzi mtu. Ila mgeni huanza kwa kuapa, mbele ya mashahidi, kumtii mwalimu."

Mashahidi walikuwa paroko mpya, wasichana wote, na mwoka mikate aliyekuja kuandikisha mbwa wake. Meya akanong'ona kitu.

"Hatusikii huku nyuma, babu!" Iciar akapaza sauti.

Meya akavuta pumzi, akasema kwa sauti iliyofika barabarani: "Mimi, Fermín Obón, naahidi kila Jumanne kucheza jota chini ya Bi Visitación Berdún, kutii filimbi yake, na kukimbilia bila kunung'unika kila kifaa cha ngoma cha mviringo kitakachotoka nje!"