Mwalimu Tao Atafuta Mkulima Halisi

Ukungu wote mnaouona kwenye picha za kijiji chetu ni wangu! Sijivuni. Nauwasha mwenyewe kila alfajiri kwa kiberiti na mabua mabichi ya mpunga, nimejibanza nyuma ya mianzi, napepea kwa ungo. Wapiga picha kule kilimani wanasema, "Aah! Uzuri wa asili!" Mimi huku chini nakohoa.

Yule mkulima anayepita katikati ya ukungu na nyati wake ni Mzee Zhuo. Miaka arobaini alikuwa kinyozi! Jembe analijua kwa kuliona tu. Na nyati mwenyewe, mnyama wa kufugwa, mpole kuliko kondoo, hajavuta plau tangu azaliwe. Kazi yake ni kupita. Anapita kulia kwenda kushoto, anageuka, anapita kushoto kwenda kulia, kisha anadai miwa yake. Anaitwa Afisa.

Wageni wanashuka kwenye mabasi, wanalipa, wanapiga picha, wanarusha mtandaoni na kuandika: "Leo nimekutana na maisha yaliyosahauliwa na dunia." Kila mtu anajua, hakuna anayesema. Tuliishi hivyo kwa amani mpaka alipokuja Mwalimu Tao.

Msidhani aliwahi kushika chaki. Kwetu mtu akining'iniza kamera kubwa shingoni, basi keshakuwa Mwalimu. Tao Jiming alistaafu ukuu wa kitengo cha mita za maji huko mjini Nanchang. Ana kizibao chenye mifuko ishirini na mitatu, na lenzi nene kama mchi. Yumo kwenye kundi la simu la chama chao cha wapiga picha, watu mia saba, na kazi yake humo ni kukosoa tu.

Mtu akirusha paka aliyevishwa miwani: "Utoto!" Bakuli la tambi lililopigwa kutoka juu: "Njaa!" Kina mama waliostaafu wamerusha mitandio hewani kati ya maua ya manjano, kila mmoja kainua mguu: "Bibi zangu, mnapiga picha au mnaanika nguo?" Machweo, mjukuu kwenye beseni, bawa la ndege dirishani, vidole vya miguu juu ya mchanga, vyote kwake takataka.

Kisha siku moja akaropoka.

"Mwaka huu nawaletea mkulima halisi! Hakupangwa, hakulipwa. Nisiposhinda mashindano, naondoka kwenye kundi hili na kamera naitundika!"

Jamani! Mshindi wa mashindano ndiye anayekuwa mwenyekiti wa chama. Mwalimu Tao alikuwa ameumezea mate uenyekiti huo kwa miaka sita. Mara tatu ulichukuliwa na Mwalimu Meng, mama mfupi aliyekuwa muuza dawa, mwenye maneno machache na kamera ndogo kama kipande cha sabuni. Akiukosa tena, na kundi hana tena, atamkosoa nani? Mkewe alishakataa siku nyingi.

Alikuja kwetu peke yake, kimyakimya.

"Dada," akaniambia, "mimi maigizo sitaki. Nionyeshe mkulima wa kweli."

"Wa kweli kabisa, Mwalimu?"

"Wa kweli hadi kwenye kucha!"

Nikampeleka kwa binamu yangu Guangfu, ambaye hakuna anayelima eneo kubwa kumshinda hapa kwetu. Tulimkuta juu ya trekta, amevaa jezi ya kandanda, anamfokea mtu kwenye simu habari za mbolea.

Mwalimu Tao akashusha kamera. "Huyu si halisi."

"Si halisi? Wali uliokula mchana umetoka kwake!"

"Hana huzuni usoni. Na trekta lenyewe jekundu mno."

Guangfu akazima injini. "Mzee wangu, unataka nilie?"

Siku mbili alizunguka kijiji kizima. Kila aliyemwelekezea kamera aliinua vidole viwili na kuchekelea meno yote nje. Bi kizee mmoja alikimbilia ndani kupaka rangi ya midomo. Na yeye alikuwa ameshatangaza kundini: "Nimefika mahali pasipojulikana na yeyote."

Asubuhi ya tatu, mahali pasipojulikana pakaingia basi la chama chake! Walimu arobaini wakapanda kilimani na miguu ya kamera, Mwalimu Meng akiwa mbele.

Mwalimu Tao akaja kujibanza na mimi nyuma ya mianzi, jasho linamtoka.

"Dada, nitashuka shambani nimpige Mzee Zhuo kutoka chini. Uso peke yake. Nani atajua ni yuleyule?"

"Na maigizo je, Mwalimu?"

"Nyamaza, washa ukungu!"

Akaanza kunyata juu ya tuta la mpunga. Nikamwambia, "Mwalimu, hilo tuta linateleza!"

"Mimi nimepanda milima yote mitano mitakatifu ya nchi yetu!"

Labda milima hiyo ina ngazi. Tuta letu halina. Hatua ya tatu, chubwi! Ilitangulia lenzi, akafuata yeye.

Tulimvuta mimi na Mzee Zhuo. Ametapakaa tope kuanzia nywele hadi soksi, miwani imezama, na ile mifuko ishirini na mitatu imekunywa maji yote ya shamba. Nikamvua kizibao. Alikuwa anatetemeka hata nikamwonea huruma kweli. Mzee Zhuo, mtu wa watu, akamvisha koti lake la mabua na kofia yake, akamshikisha kamba.

"Nishikilie Afisa kidogo, meno yangu yamedondoka." Akainama nyuma ya tuta kuyatafuta.

Ndipo jua likatokeza. Ukungu wangu ukatulia vizuri kuliko siku zote za maisha yangu. Na Afisa, anayeijua kazi yake kutushinda sote, akaanza kupita.

"Huyooo! Katokea!" walipiga kelele kilimani. "Mzee, taratibu! Usikimbie!"

Mwalimu Tao angejitambulisha, angekuwa amekwisha mbele ya watu arobaini. Akavuta kofia hadi puani, akainamisha kichwa, akakokotwa.

"Safi! Kichwa hivyohivyo! Huzuni hiyohiyo!"

Kamera zikalia kama bisi kwenye sufuria. Afisa akampeleka kulia kwenda kushoto, akageuka, akampeleka kushoto kwenda kulia. Machozi yalikuwa yanamtoka. Mengine ni moshi wangu, nakiri.

Wiki iliyofuata picha za mashindano zikawekwa kundini. Mwalimu Tao hakuwa na kitu. Kamera yake ilikuwa imefukiwa kwenye ndoo ya mchele ikisubiri kufufuka. Mwalimu Meng alileta picha moja: "Mwana wa Udongo."

Sifa zikamiminika! "Uso huu haujawahi kuona lami." "Mgongo uliopindishwa na jembe." Mwamuzi mkuu aliandika kurasa mbili juu ya vifundo vya vidole vya mzee huyo. Vidole vya mita za maji!

Mwalimu Tao hakustahimili. Akaandika: "Huyo ni mimi!"

Kundi zima likaangua kicheko. "Mwalimu, hata wivu una adabu zake." "Mheshimu mzee wa watu!" "Laiti ungekuwa na uso wa heshima kama huo."

Akanipigia simu. "Dada, nakuingiza kundini. Waambie ukweli, nakuomba!"

Akaniingiza. Watu mia saba wakanisubiri. Nikafikiria ukungu wangu, nikafikiria miwa ya Afisa na meno ya Mzee Zhuo. Nikisema ni mstaafu wa mjini, nani atapanda basi kuja kwetu tena? Roho iliniuma, lakini vidole vikaandika: "Huyo bwana simjui. Mzee wa pichani ni jirani yangu, analima tangu alipoanza kutembea."

 Halafu Mwalimu Tao akarusha picha yake mwenyewe, ya kwanza mwaka huo. Amesimama kwenye roshani ya nyumba yake, kavaa kofia ya mabua, kajipaka udongo wa chungu cha maua, kainamisha kichwa, kashika kamba ya kuanikia nguo.

"Tazameni basi! Si yuleyule?"

"Maigizo matupu!" wakajibu. "Umjini umekujaa usoni!" Hata mwamuzi mkuu akaandika kwamba vifundo vya vidole havina ukweli wowote.

Mwisho akajitokeza mshindi, Mwenyekiti Meng, kwa upole wake uleule: "Jitahidi tu, Mwalimu Tao. Siku nyingine ukitaka kuigiza mkulima, mtazame kwanza huyu wa kwenye picha yangu, ujifunze kwake."