Mahakama Haipokei Simu

Jumatatu, tarehe 4

Nimetoka kwenye semina ya wazee, ukumbi wa mtaa. Somo: usalama wa simu na kompyuta. Mwalimu ni binti mwenye miwani mikubwa kuliko uso. Nilidhani hana jipya. Kumbe! Anasema siku hizi mashine inaiga sauti ya mtu yeyote, ikishasikia maneno machache tu. Mwizi anakupigia kwa sauti ya mwanao, analia, anaomba msaada, nawe unatetemeka. Tena si sauti tu. Hata sura! Unamwona mtu anaongea, midomo inacheza, kumbe hayupo.

Nilisimama nikamwambia mbele ya watu wote kwamba hayo niliyasema mimi zamani, nikaitwa mwenye wasiwasi. Nimesoma mpaka darasa la tatu, lakini darasa la tatu la enzi hizo.

Dawa yake, akasema, ni swali la siri la familia. Swali ambalo jibu lake mashine haiwezi kulijua.

Tabasamu naye alikuwepo. Ndiye mama wa mke wa mwanangu, kwa hiyo mjukuu wetu wa kike aliyeko chuoni ni mmoja, bahati mbaya. Tabasamu anamchekea kila mtu, hata mlango. Akauliza swali refu ili aonekane msomi, binti wa miwani akampongeza. Nimeliweka moyoni.

Jumanne, tarehe 5

Swali nimelipata! Nilikuwa nachambua mchele likanijia lenyewe. Hii familia yangu ina jina inaloniita nikigeuza kisogo. Mahakama. Wanadhani sijui! Nililisikia kupitia dirisha la jikoni, mwanangu akimwonya mkewe apunguze redio, Mahakama imeamka. Nikalihifadhi. Silaha haionyeshwi kabla ya vita.

Basi swali ni hili: nisipokuwepo, mnaniitaje? Mashine italitoa wapi jibu? Ila damu yangu itajibu papo hapo. Wala sijamwambia mtu kwamba kutakuwa na swali. Mtihani ukitangazwa si mtihani.

Sababu ya kujihadhari ninayo. Jumamosi hii mjukuu wangu anaonyesha kazi yake ya mwisho mbele ya wakufunzi. Ameifundisha kompyuta kutofautisha sauti ya mtu halisi na sauti ya bandia. Ikikubali, amemaliza chuo. Ikikataa, anarudia mwaka mzima. Na wa kupanda jukwaani kuongea ni mimi! Likizo yote iliyopita alinirekodi, ili kompyuta ijue mtu halisi anasikikaje. Nilikubali kwa sharti moja, asinikatize.

Tabasamu aliomba apande yeye. Mjukuu akamkatalia kwa adabu. Mimi ningemkatalia vingine.

Alhamisi, tarehe 7

Wamekuja!

Asubuhi simu imelia. Sauti ya mjukuu wangu, hujui tofauti. Bibi shikamoo, ratiba imebadilika, si Jumamosi tena, ni kesho Ijumaa, na baba kwa vile yuko safarini atakutumia teksi. Nikaitikia marahaba kwa utulivu, maana hata mashine ikisalimia huitikiwa. Kisha nikalirusha swali. Ikakohoa kidogo. Ikasema jamani Bibi, si tunakuita Bibi, tukuiteje tena? Nikarudia swali. Ikaapa. Bibi tu. Siku nyingine, Bibi Kipenzi.

Bibi Kipenzi! Katika ukoo huu? Nikakata.

Mchana ikaja sauti ya mwanangu. Nzito, na mafua yake yale yale, wezi hawa hawaachi kitu. Nikamuuliza. Akasema haki ya Mungu hajawahi kunitaja ila kwa heshima, Mama Mzazi. Nikamwambia mama yake mzazi ni jenereta. Nikakata.

Jirani yangu mshonaji alisikia kelele akaja. Nikamweleza. Akasema huenda ni wanangu kweli, ila wana adabu, maana nani atamtamkia bibi yake usoni jina la kisogoni? Nikamwambia akashone nguo za watu.

Ijumaa, tarehe 8

Asubuhi teksi imepiga honi getini. Dereva ananitaja, eti katumwa anichukue. Ndoo ya maji ya vyombo ilikuwa karibu. Ameondoka na shati limelowa.

Hajafika mbali, simu tena. Sauti ya Tabasamu. Nikalirusha swali kwa nguvu zangu zote. Hata hakumeza mate! Akasema wananiita Mahakama, na siku nikiamka vibaya, Mahakama ya Rufaa.

Amefaulu. Ni yeye, mtu halisi, na meno yake yote nje. Akasema yuko chuoni, watu wamekaa, mtoto anakaribia kulia, nifanye hima, nisipofika itabidi yeye ndiye apande.

Nikakaa nikatafakari. Ingekuwa mashine ningeweza hata kuisikiliza. Lakini huyu ni Tabasamu mwenyewe! Na Tabasamu mwenyewe ndiye haaminiki. Anataka nihangaike leo bure, kesho nilale na miguu imevimba, apande yeye. Kikulacho ki nguoni mwako. Nikamtakia siku njema, nikazima simu. Nimepiga pasi gauni la kesho.

Jumamosi, tarehe 9

Nimefika chuoni kabla ya jua kali. Ukumbi mtupu. Mama mmoja msafishaji anapanga viti ukutani. Nikamuuliza wageni wako wapi. Akasema shughuli ilikuwa jana, palijaa. Akasema kuna binti mmoja alisimama mlangoni anatazama njia tu, mpaka wakamwita mara ya tatu ndipo akaingia.

Sikumuuliza binti yupi.

Nikakaa kwenye kiti cha mbele. Msafishaji akafagia kunizunguka. Mkubwa akivuliwa nguo huchutama. Nikachutama. Baadaye nikainuka nikamwonyesha vumbi aliloliacha chini ya jukwaa.

Jumapili, tarehe 10

Mjukuu amekuja, macho mekundu. Nikamketisha jikoni, nikamuuliza swali lile lile. Akatazama sakafu. Akanong'ona: Mahakama. Nisamehe, Bibi.

Nikamkumbatia kwa kuwa ni yeye. Kisha nikamgombeza kwa kukosa adabu.

Akanisimulia. Tabasamu alipanda, akaongea kwa ile sauti yake ya asali. Kompyuta ikajibu: sauti ya bandia. Wakarudia. Bandia! Ukumbi ukacheka. Wakufunzi wakasema kosa ni la mafunzo, kwa kuwa kompyuta imelelewa na sauti moja tu, na sasa asiyegomba inamwona si mtu.

Nikamwambia wakufunzi ndio wana kosa. Kompyuta haina kosa lolote. Ndiyo ya kwanza kumjua Tabasamu.

Hakucheka. Akasema wamempa nafasi moja ya mwisho, Jumatano. Wanataka kwanza waone kama inaitambua hata sauti iliyoilea. Nisipofika, amekwisha. Akanishika mikono yote miwili. Akasema haombi kingine, nipokee simu tu na nimwamini. Atanifuata mwenyewe saa tatu.

Nimeapa. Nitafika hata kwa kutambaa.

Jumatano, tarehe 13

Nimeamka na alfajiri. Gauni liko tayari. Swali nimelibadilisha, maana jibu la zamani limeshatamkwa, na kuta zina masikio. Jipya ni hili: kati yangu na Tabasamu, nani anajua kupika? Mtoto wa kweli hahitaji hata kufikiri.

Saa mbili tu, simu. Sauti yake kabisa. Bibi shikamoo, nipo getini, twende. Marahaba, nikasema, na swali hili hapa. Ikasita. Ikasema Bibi jamani, leo tena? Nyote wawili mnapika vizuri.

Imeanguka mtihani!

Nikachungulia pembeni ya pazia. Mungu wangu. Amesimama getini. Gauni lake, mkoba wake, simu sikioni, na midomo inafuata maneno sawasawa, haichelewi hata kidogo. Sasa anafuta machozi. Na machozi wameweka! Binti wa miwani alisema, sauti na sura. Wezi hawa wameendelea mno.

Lakini wamejisahau mahali pamoja. Tuliagana saa tatu. Mjukuu wangu, tangu azaliwe, hajawahi kuwahi.

Mimi sirudii kosa. Natokea mlango wa nyuma sasa hivi, niende chuoni kwa miguu, nimwonye mtoto wa watu kwamba kuna kitu kinatembea na sura yake. Simu nimeizika kwenye pipa la unga, isisikie ninakokwenda.