Kamera Yenye Chenga za Kuambukiza

Pozi alikuwa kwenye benchi la duka la kusafisha picha, akisubiri mjinga wa kujileta mwenyewe, ndipo Mama Kodi alipoingia na kuuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia nyanya, kamera nyeusi kubwa kama mkate inauzwaje. Mwenye duka alikuwa nyuma ya mashine, hakusikia. Pozi alisikia. Masikio yake yalikuwa hodari wa kazi. Viungo vingine vilikuwa likizo tangu aoe.

"Inategemea afya yake, mama," alisema, akiinuka kwa adabu zote. "Kamera nazo huugua."

Mama Kodi alikuwa na nyumba ya kupangisha, na jina hilo alipewa kwa sababu hakuna mpangaji aliyewahi kumsikia akizungumzia jambo jingine. Mmoja wao, mpiga picha, alikuwa ametoroka na deni akaacha vitu vyake, na Mama akavifanya mali yake kabla kufuli halijapoa. Msimwonee huruma mtu humu ndani, tutakosa wa kumcheka.

"Njoo uipime," alisema. "Lakini sikulipi."

"Daktari wa kweli hadai," alijibu Pozi, ambaye hakuwa daktari, wala wa kweli.

Begini mwake kulikuwa na kitu kimoja tu cha maana: lenzi fupi, nene, yenye jicho pana linalokunywa mwanga hata penye kiza. Mkewe aliinunua kwa zamu yake ya upatu, akamkabidhi kwa hotuba fupi. "Hii ikipotea, na wewe potea." Hakurudia. Si mwanamke wa kurudia maneno.

Mlangoni kwa Mama Kodi, Pozi alijikwaa. Kitu kizito kilichoviringishwa kwenye tambara kilikuwa kimewekwa pale chini kuzuia mlango.

"Pole, mwanangu. Bila hicho, mlango huu unajibamiza kama umegombana na mtu."

Sebuleni Pozi alipewa kamera, na moyo ukamruka. Ilikuwa ya wakubwa wa kazi, ile ambayo shemeji yake, kaka wa mkewe, mpiga video wa harusi, alikuwa akiisaka na fedha mkononi. Akavaa uso wa msibani.

"Tufunge mapazia, mama. Mgonjwa huyu hapendi mwanga."

Sasa, kwenye kamera kuna namba iitwayo ISO. Ukiipandisha, kamera inajikaza kuona gizani; ukizidisha, inaanza kuona hata visivyokuwepo. Pozi aliipandisha mpaka ikagota, akampiga Mama picha, akamfundisha kitufe cha kutazamia.

"Bonyeza hapa, ujionee. Mwingine angekuficha."

Mama akabonyeza. Kwenye kioo alikuwepo mwanamke aliyemwagiwa mchanga wa rangi tatu.

"Huyu nani?"

"Wewe, mama."

"Mbona nina ndevu?"

"Hizo ni chenga. Zikikomaa zinaambukiza. Una televisheni?"

Mama aliigeukia televisheni yake kama mzazi mwenye mtoto mchanga karibu na mtu anayekohoa.

Pozi akawasha video, akaielekeza kamera kwenye kona yenye giza totoro nyuma ya kabati. Ile fokasi inayojitafutia yenyewe cha kukikazia macho ikaenda mbele, ikarudi nyuma, ikaenda tena, lenzi ikilia zii, zii. Kamera yoyote ikionyeshwa giza itahangaika hivyo. Hata wewe ungehangaika.

"Imechanganyikiwa," alisema kwa upole. "Haitambui mtu tena."

"Kama marehemu mume wangu alivyokuwa mwishoni. Ngoja nikuletee chai."

Njiani kwenda jikoni Mama alipitia kudai kodi chumba cha jirani, kwa hiyo Pozi alipata nafasi. Shemeji alikuwa ameshamwambia: "Mimi sinunui maneno. Nionyeshe video ya ndani, mwanga hafifu kama wa ukumbini, mtu anatembea, fokasi imeng'ang'ania jicho." Basi Pozi akaifungia kamera lenzi yake, akashusha ISO, akachomeka kadi yake, akaiweka kamera juu ya kabati na kuanza kutembea mbele yake kama bwana harusi.

"Shemeji, tazama. Chumba kama pango, chenga hakuna. Nasogea, nageuka, fokasi imeng'ang'ania jicho kama ulivyotaka. Na hiyo ni lenzi ya dada yako, ambayo peke yake inanunua makochi yote ya humu ndani pamoja na anayeyakalia. Bibi mwenyewe nimemtilia chenga, anakaribia kulia. Kesho naichukua kwa bei ya karanga."

Vikombe vikagongana kule nje. Upesi akachomoa kadi yake, akafunga kifuniko, akarudisha lenzi ya zamani na ISO ya maradhi.

Maskini Pozi, maisha yake yote alishika kamera zenye tundu moja la kadi. Za wakubwa zina mawili, na mwenye kazi akitaka, kinachoingia kwenye kadi ya kwanza kinaingia na kwenye ya pili, iwe akiba. Yule mpangaji alikuwa ametaka. Kadi yake ilikaa kwenye tundu la pili, chini ya kifuniko kingine, imetulia kama mtu aliyelipa kodi ya mwaka mzima.

"Ifunge kwa plastiki, mama, mafundo mengi," Pozi aliagiza akinywa chai. "Na isifunguliwe tena ndani ya nyumba. Hewa ndiyo inayoeneza chenga. Kesho nitakuja kukuondolea balaa, na nitakupa chochote cha sukari."

"Mungu akuzidishie, mwanangu."

Jioni, kabla ya kuifunga, Mama alitaka kuona mara ya mwisho zile ndevu zilivyomkaa. Akabonyeza kitufe alichofundishwa. Akamkuta Pozi, hana chenga hata moja, kipele cha puani kinaonekana na ncha yake, anamjia huku akisema. Mama aliisikiliza hotuba yote. Akavuta kiti, akaisikiliza tena.

Kesho yake Pozi alikuta kifurushi mezani, mafundo juu ya mafundo, na televisheni imegeuziwa ukutani. Mama alikuwa amejitanda khanga mpaka puani.

"Ichukue, mwanangu. Lakini fedha zako sizitaki, nitajiona nimeuza maiti. Niachie kumbukumbu tu. Kile kioo chako kifupi, kinene, kilichokuwa kinachungulia begini jana. Nitasomea mikataba."

"Mama, kile ni... ni cha urithi."

"Basi iache. Kuna fundi mwingine atapita leo, anasema chenga anazitibu."

Pozi aliisikia hotuba ya mkewe kichwani, fupi kama ilivyokuwa. Lakini kamera ile ilikuwa na thamani ya lenzi tatu. Akishalipwa na shemeji angenunua nyingine kabla mke hajauliza, na faida ingebaki. Akaitoa lenzi begini polepole, kama mtu anayetoa figo, akamkabidhi Mama.

Kisha mkono wake ukaenda kwenye fundo la kwanza.

"Humu ndani?" Mama alirudi nyuma. "Si ulisema hewa? Nina pumu mimi, na televisheni bado nadaiwa dukani."

Angesemaje? Kwamba hakuna maradhi? Akakipima kifurushi mkononi. Uzito ule ule, umbo lile lile. Akakipakata kwa heshima, akaaga, akatoka.

Nyuma yake mlango ukajibamiza wenyewe, kidogo ungemkata kisigino.

Pozi alipiga hatua mbili, akasimama. Akaugeukia mlango. Akakiangalia kifurushi. Akaanza kufungua mafundo yale aliyoyaagiza mwenyewe, na yalikuwa mengi kweli kweli. Chini ya plastiki kulikuwa na tambara. Ndani ya tambara, kamera kubwa kama mkate, kutu kwenye tundu la betri, na maji yakitembea ndani ya lenzi.

Akagonga. Dirisha la sebuleni likafunguka kidogo.

"Mama, hii siyo yenyewe."

"Hiyo ni pacha wake, mwanangu. Ilitumbukia kwenye pipa la maji, tangu hapo ikawa inanishikia mlango. Wewe ni daktari, utaiponya."

"Mama, naomba lenzi yangu."

"Sogea hapo penye kiza kidogo. Tulia."

Kati ya nondo za dirisha likachomoza jicho pana alilolijua vizuri. Kamera ikalia mara moja, kavu. Mama akabonyeza kitufe, akatazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Chenga hakuna. Fokasi imeng'ang'ania jicho, mpaka machozi yanaonekana yanavyojiandaa." Akavuta pazia. "Msalimie dada wa shemeji yako."