Maji ya Kumwogesha Mzee Mithika

Jumatatu, 2 Juni 2025
Kozi ya uhudumu wa wazee imefika kwenye sabuni. Bi. Gatakaa, muuguzi mstaafu anayetufundisha jioni, ametangaza mtihani: Jumamosi kila mmoja atamwogesha na kumnyoa mzee nyumbani kwake, naye akitazama. Nikauliza iwapo utu waweza kupimwa kwa ndoo. Akajibu kwamba ndoo nilete mwenyewe. Mugendi, tunayesoma naye, alicheka kuliko wote. Shahada yake ni ya daraja la chini kuliko yangu.

Nikianguka, kazi niliyoahidiwa katika makao ya wazee itamwendea yeye. Nami nitarudi kwetu Karurumo, Embu, kuchuma kahawa ya baba, mbele ya watu niliowaambia kwamba nasomea uzamili.

Jumanne, 3 Juni
Mzee wangu ni Mithika wa Muthara. Miguu dhaifu, ulimi mzima. Alisema watu wa Embu hawajui kunyoa. Nikampinga kwa hoja. Akafumba macho hadi nilipoondoka. Binti yake Kajuju, mwenye duka la mbegu, akanishauri kwamba babake hupenda mtu anayenyamaza. Ushauri usionihusu.

Alhamisi, 5 Juni
Nimepata mbinu. Mzee hutafuna miraa, na zawadi hulainisha moyo. Nimelisoma hilo katika vitabu vingi. Sokoni niliagiza kitita bora, kinachomfaa mzee wa heshima. Muuzaji akakifunga kwa jani la mgomba, kwa ustadi wa kupendeza. Akauliza msichana ni nani. Nikamwambia sikuja kuhojiwa. Akaniombea baraka.

Mugendi alinikuta nacho njiani. "Ndugu yangu, uliza kwanza wenyeji hicho ni cha nini." Wivu.

Ijumaa, 6 Juni
Ushindi. Mzee alikipokea kwa mikono miwili, akanitazama sana, akauliza kama wazazi wangu wana habari. Nikasema wananiunga mkono kikamilifu. Akamwita nduguye, Runji. Nikaletewa uji na kiti chenye mto. Runji akauliza kuhusu elimu yangu. Hatimaye, mtu mwenye akili. Nilieleza hadi jua likashuka. Kajuju alirudi kutoka dukani, akaona kitita, akatoka nje akicheka.

Sikutaja sabuni. Saa ya ushindi mtu hataji sabuni.

Jumamosi, 7 Juni
Nilipogusa kifungo cha shati, Mzee alinishika mkono. Akaeleza kwa upole kwamba mkwe hamwoni baba mkwe uchi. Nikauliza mkwe yupi. Wote wakamtazama Kajuju.

Kajuju ndiye aliyenifafanulia. Kitita kile huitwa ncoolo; hupelekwa na anayeomba mchumba. "Umeniposa, Bwana Msomi, na hata namba yangu ya simu hujaomba." Akaongeza kwamba yeye amekataa, ila baba bado anafikiria.

Nikajenga hoja kwamba maana ya zawadi huamuliwa na mtoaji. Mzee akamnong'oneza Runji kwamba mkwe huyu ana maneno mengi. Bi. Gatakaa akamwita Mugendi, aliyekuwa amemaliza kwa jirani. Nilisimama uani nikisikiliza Mzee akinyolewa, akicheka. Mugendi hakutamka neno. Amefaulu mara mbili kwa maji yangu.

Jumatano, 11 Juni
Bi. Gatakaa amenipa nafasi ya mwisho, Jumamosi hii: Mzee Bundi, karibu na mji. Anaishi na mabinti zake wanne, hivyo wa kunichotea maji hawatakosekana.

Nimelichambua kosa langu bila upendeleo. Kosa lilikuwa miraa. Mmea ule umebebeshwa mila kupita kiasi. Safari hii nimechagua zawadi isiyo na utata: asali, ndani ya kibuyu cha kienyeji.

Muuzaji naye akauliza msichana ni nani. Wafanyabiashara wa huku ni wadaku. Ili kumnyamazisha, nikamwambia wako wanne. Akanitazama kwa heshima, akanishauri niongeze vibuyu.

Nimeongeza.