Nimeshuka na Andes Mpaka Chile

Wandugu, leo sina uso.

Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Kasongo. Jana prefe, mkuu wa shule yetu, alituambia inspekta anakuja, na ataanzia kwangu. Basi asubuhi nikatoa suruali ya harusi yangu. (Nilioa zamani. Nilikuwa mwembamba.)

Mke wangu Zaina akaniangalia nikipigana na zipu.

"Baba Salima, hiyo suruali itakuua."

"Acha! Leo ni siku ya heshima."

"Basi usikae."

"Mwalimu hakai!" (Nilisema hivyo kwa majivuno kabisa.)

Somo: milima ya Andes. Inspekta akakaa benchi ya nyuma, viatu vingali na vumbi la barabara ya Kabambare. Hacheki. Ili kumshangaza, nikaamua kuchora safu yote kwa mstari mmoja, bila kuinua chaki. Sasa, Andes si kilima. Inaanza juu, Venezuela, inashuka Amerika ya Kusini yote mpaka chini kabisa. Na ubao wetu nao unashuka karibu na sakafu.

Nikasimama kwa ncha za vidole. "Venezuela!" Nikashuka. "Kolombia! Ekwado!" Inspekta akatikisa kichwa kukubali. Peru, nikapinda mgongo. Bolivia, nikapinda magoti. (Hapo uzi mmoja ulilia. Nikajifanya kiziwi.)

Zilibaki Chile na Ajentina. Ningeishia hapo, nani angenidai? Nikachuchumaa.

Praaa!

Baridi ikanipitia nyuma. Na leo nimevaa chupi nyeupe!

Inspekta alikuwa anaandika, hakuona kitu. Akauliza darasa: "Watoto, juu ya milima hii iko nini?"

Amisi, mwanafunzi wa benchi ya mbele, mwenye adabu kupita wote, akasimama.

"Theluji, inspekta. Hata sasa tunaiona."

Mama yangu! Darasa likalipuka. Inspekta akainuka aone wanachekea nini. Akaona. Yule mutu asiyecheka akacheka mpaka akavua miwani afute machozi. Mimi nikabandika mgongo ubaoni, nikamaliza somo nikitembea ubavu-ubavu kama kaa.

Mwishoni akanivulia koti lake nifunge kiunoni.

"Mwalimu, somo limeeleweka," akasema. "Limeeleweka kupita kiasi."

Tafadhali musicheke. Kesho nafundisha Sahara. Ile imelala tu, mashariki mpaka magharibi. Haina kuchuchumaa.